George Carver na Vitu Vilivyotupwa

Katika nchi ya Marekani, upande wa kusini wa jimbo la Missouri, palikuwa na mkulima Mzungu, jina lake Moses Carver, aliyekaa na mkewe Susan karibu na mji mdogo wa Diamond. Siku zile utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa katika jimbo lile, na mwaka 1855 Moses alinunua msichana wa miaka 13, jina lake Mary, kwa dola 700. Baadaye Mary akazaa watoto, na mmoja wao akaitwa George. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote, maana kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuhesabiwa kuwa jambo la kuandikwa. Hudhaniwa kwamba alizaliwa mwaka 1864, au karibu na mwaka huo.

Wakati ule watu wa kaskazini na watu wa kusini wa Marekani walikuwa wakipigana vita wao kwa wao, na magenge ya wanyang'anyi wenye farasi yalikuwa yakizunguka usiku, yakichoma nyumba na kuiba watumwa ili kuwauza mbali. Usiku mmoja genge la namna hii likafika kwa Moses Carver, likamchukua Mary pamoja na mtoto wake mchanga. Moses akatuma mtu kuwafuata. Baada ya siku kadhaa yule mtu akarudi na mtoto peke yake, yu mahututi kwa kikohozi; Mary hakuonekana tena maisha. Moses akamlipa yule mtu farasi mmoja kwa kazi yake. Hivyo ndivyo George alivyokombolewa, naye alipokuwa mtu mzima alisimulia habari hii mara nyingi.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, George na kaka yake Jim wakabaki kwa Moses na Susan, ambao hawakuwa na watoto, wakalelewa nao. Jim alikuwa kijana mwenye nguvu, akaenda shambani. George alikuwa mnyonge, kifua chake kibovu na sauti yake nyembamba, wala hakuweza kushika plau. Basi akaachwa nyumbani pamoja na Susan, na jikoni ndipo elimu yake ilipoanza.

Susan alimfundisha kupika, kufua, kupiga pasi, kushona viraka na kufuma kwa sindano. Kazi hizi wavulana wengi wangeziona kuwa aibu, lakini George alizipenda. Akiona mahali fulani kitambaa kilichofumwa kwa ufundi, alikitazama kwa makini, kisha akarudi nyumbani akajaribu na kujaribu mpaka vidole vyake vikaweza kufanya kama alivyoona. Katika nyumba ya mkulima wa siku zile vitu vya kununua vilikuwa vichache. Sabuni ilipikwa kwa mafuta ya wanyama na maji yaliyochujwa katika majivu. Nguo ikichakaa iligeuzwa kuwa nguo ya mtoto, kisha tambara, kisha uzi wa mkeka. Mtoto aliyekulia hapo hakuweza kudhani kwamba kitu kikivunjika kazi yake imekwisha.

Zaidi ya hayo alipenda mimea. Alikuwa na bustani yake ya siri kichakani, ambamo alitunza maua aliyoyachimba mwituni, na majirani wakazoea kumletea mimea yao iliyokuwa ikinyauka ili aiponye. Tena alipenda kuchora picha, na kwa kuwa rangi za dukani hakuwa nazo, alitafuta rangi katika matunda ya mwituni, magome na mizizi.

Shule ya jirani ilikuwa ya watoto wa Kizungu tu. Shule ya watoto weusi ilikuwa katika mji wa Neosho, mwendo wa maili kama 8, na George alipokuwa na umri wa miaka kumi na kidogo aliondoka kwenda huko kwa miguu. Usiku wa kwanza alilala katika banda la wanyama. Asubuhi mama mwenye nyumba, jina lake Mariah Watkins, mwanamke mweusi aliyekuwa mkunga na dobi, akamkuta, akampa chakula, akamkaribisha akae naye kwa sharti la kufanya kazi. Shule ilikuwa ng'ambo ya ua. Wakati wa mapumziko George aliruka ua, akaja kufua nguo huku kitabu kimeegemezwa mbele yake, na kengele ikilia aliruka tena kurudi darasani. Mariah alimwambia kwamba yote atakayojifunza asiyafiche, bali siku moja ayarudishe kwa watu wake, ambao wengi wao hawakujua hata kusoma. Neno hili hakulisahau.

Tangu Neosho alitangatanga miaka mingi katika jimbo la Kansas, akihama mji hata mji, akipika katika nyumba za watu na kufua nguo ili apate ada ya shule. Mwaka 1879, katika mji wa Fort Scott, aliona kundi la watu wakimwua mtu mweusi hadharani. Akaondoka mji ule mara moja, na kwa maisha yake yote hofu ya usiku ule haikumtoka. Baadaye chuo kimoja kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na kuonekana uso wake akakataliwa mlangoni.

Ndipo alipokwenda magharibi, katika wilaya ya Ness, akachukua ekari 160 za nchi tupu ambayo serikali ilikuwa ikiwagawia watu. Nchi ile ni uwanda wa majani, haina miti ya kujengea. Siku zile watu walikata ardhi yenye mizizi ya majani kama matofali makubwa, wakayapanga yakawa kuta. George alijenga nyumba ya namna hiyo kwa mikono yake, futi 14 kila upande, akatia mlango na dirisha, akaweka ndani yake jiko la chuma, kitanda, kabati na mimea mingi. Nyumba ile haikumpatia mali, maana mvua zilikuwa haba na upepo wa baridi ulikuwa mkali, akaiacha baada ya miaka michache. Lakini alikuwa amejifunza kwamba udongo ulio chini ya miguu ya mtu waweza kuwa ukuta wake.

Mwaka 1890 chuo cha Simpson katika jimbo la Iowa kilimpokea. Alipokwisha kulipa ada yake, fedha iliyobaki ilimtosha kununua unga wa mahindi wa senti 10 na mafuta ya ng'ombe ya senti 10, akaishi kwa vitu hivyo wiki nzima. Alikaa katika kibanda kilichoachwa, akapata beseni na ubao wa kufulia kwa deni, akawa dobi wa wanafunzi wenzake. Viti vyake vilikuwa masanduku. Wanafunzi waliokuja kuchukua nguo zao waliketi juu ya masanduku hayo wakizungumza naye, na siku moja alipokuwa nje wakaingia kwa siri, wakamwekea meza, viti na kitanda.

Alikuwa akijifunza kuchora, na mwalimu wake, bibi Etta Budd, aliona kwamba alikuwa na kipawa kweli. Picha yake moja ya mmea wa jangwani ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Hata hivyo mwalimu yule alihofu kwamba mtu mweusi hataweza kupata riziki kwa kuchora, akamshauri ajifunze kilimo. George akakubali, si bila huzuni. Mwaka 1891 akaingia chuo cha kilimo cha Iowa huko Ames, mwanafunzi mweusi wa kwanza katika chuo kile. Siku za kwanza hakuruhusiwa kula pamoja na wanafunzi wengine. Akapata shahada yake mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896, akiwa bingwa wa kuvu zinazoharibu mimea. Walimu wake walitaka abaki kwao.

Mwaka ule ule wa 1896 akapata barua kutoka kwa Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee katika jimbo la Alabama. Shule hii ilikuwa ya watu weusi, na wanafunzi wake walichoma matofali na kujenga majumba yao wenyewe. Washington alimtaka aje kuwa mkuu wa kilimo, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Carver akafika mwezi wa Oktoba.

Aliyoyakuta yalimshangaza. Huko Ames alizoea darubini na vyombo vya kioo vya kila namna. Hapa hapakuwa na chumba cha majaribio wala chombo hata kimoja, wala fedha ya kununulia. Udongo ulikuwa umechoka kwa kupandwa pamba miaka mingi, na mvua zilikuwa zimechimba makorongo. Mtu mwingine angefungasha na kurudi Iowa. Carver aliwachukua wanafunzi wake, akawaongoza kwenda jaani.

Wakapekua jaa la shule, kisha wakazunguka mjini kwenye milango ya nyuma ya nyumba za watu, wakiomba kilichotupwa: chupa, mitungi, vifuniko, vipande vya bati, nyaya, sufuria zilizotoboka. Watu wengine walicheka kumwona mwalimu mwenye shahada mbili akiinama katika takataka. Lakini waliporudi shuleni, kila kitu kilipewa kazi mpya. Chupa ya wino ikatiwa mafuta na utambi wa uzi, ikawa taa ya kuchemshia. Kikombe kizito cha chai, kilichokatika ukingo, kikawa kinu cha kusagia. Bati likatobolewa matundu kwa msumari, likawa chekeche la kuchunguzia udongo. Matete yakawa mirija ya kuvutia maji. Vyombo vya kioo vya mdomo mpana vilitengenezwa kwa chupa za kawaida namna hii: uzi uliolowa mafuta hufungwa shingoni pa chupa, ukawashwa, ukiisha kuungua, chupa hutumbukizwa mara moja katika maji baridi, na kioo hukatika palepale ulipokuwa uzi, kwa kuwa kioo chenye moto kikipoa ghafula hujivuta na kupasuka. Kazi hii hufanywa polepole, na chupa nyingi huharibika kabla ya kupata moja iliyo sawa. Wanafunzi walijifunza jambo hili pia.

Haifai kudhani kwamba Carver alifanya hivyo kwa ajili ya umaskini tu. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakulima, ambao baadaye wangerudi makwao mahali pasipo na duka la vyombo. Kama wangejifunza kwa vyombo vya fedha nyingi, wangefika nyumbani wakaketi mikono mitupu. Aliyejifunza kwa chupa ya wino aliweza kuendelea popote palipo na chupa ya wino.

Katika mambo mengine Carver hakuwa mwepesi kukaa na watu. Alipofika Tuskegee aliomba vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha makusanyo yake ya mimea, na walimu wengine, waliokuwa wakilala wawili wawili katika chumba kimoja, wakanung'unika. Tena alipewa kazi ya kusimamia kuku wa shule, na kuku hao wakafa au wakaibwa, hesabu zake zisilingane, hata Washington akamwandikia barua za kumkaripia. Kwa muda wa miaka mingi wawili hawa waliandikiana maneno makali, Carver akitishia mara kwa mara kuondoka. Hakuondoka. Washington alikufa mwaka 1915, na Carver akahuzunika sana kwa kuwa aliwahi kumsumbua.

Karibu na Tuskegee, katika wilaya ya Macon, wakulima weusi wengi walilima mashamba ya watu wengine. Mwenye shamba au mwenye duka aliwakopesha mbegu, unga na nyama ya nguruwe yenye chumvi tangu mwanzo wa mwaka. Pamba ilipovunwa alichukua sehemu yake na deni lake, na mara nyingi mkulima hakubakiwa na kitu, au alibaki na deni kubwa kuliko la mwaka uliotangulia. Pamba ilipandwa mpaka mlangoni pa nyumba, hapakuwa na nafasi ya bustani ya mboga. Nyumba zenyewe zilikuwa vibanda vya mbao vya chumba kimoja au viwili, mbao zake hazijapakwa rangi hata siku moja, zimegeuka kijivu kwa mvua na jua, na kati ya ubao na ubao mtu aliweza kuona nje.

Carver alizizunguka nyumba hizi mwisho wa wiki, katika kigari chake, akiwa na mbegu, vyakula vilivyopikwa na zana chache. Aliwaonyesha watu kwamba magugu waliyoyang'oa na kuyatupa, mengine yalikuwa mboga nzuri. Aliwaonyesha namna ya kuoza majani ya mwituni pamoja na tope jeusi la mabwawa na kuyatia shambani, maana mbolea ya dukani ilikuwa njia nyingine ya kuingia katika deni. Aliwaambia wapande kunde, karanga na viazi vitamu. Kunde na karanga huurudishia udongo nguvu, na vyote vitatu humpa mwenyewe chakula ambacho mwenye duka hawezi kukidai. Magunia ya chakula cha mifugo yalifuliwa, yakatiwa rangi za mimea, yakawa mapazia na vitambaa vya meza. Maganda ya mahindi yakasukwa mikeka. Carver mwenyewe hakuona haya kukaa na wanawake na kuwaonyesha mshono, kwa kuwa ufundi ule ule aliofundishwa na Susan Carver ulikuwa bado katika vidole vyake.

Lakini katika kazi zake zote za nyumbani, iliyopendeza zaidi ni kazi ya udongo wa rangi. Vilima vya Macon vina udongo mwekundu, wa manjano na mweupe. Mahali pengine barabara imekatwa katika kilima na rangi hizi huonekana tabaka juu ya tabaka. Watu walikuwa wakipita hapo kila siku kwenda kanisani na sokoni, na kurudi katika nyumba zao za kijivu. Carver akauchukua udongo huo chumbani mwake. Wekundu wake na umanjano wake hutokana na chuma kilichomo, ambacho kimeshika kutu. Na ule wa manjano ukichomwa motoni hugeuka kuwa mwekundu, basi kwa kuchoma kidogo au zaidi mtu hupata rangi za kati. Ule mweupe ni wa namna ya udongo wa kufinyangia vyombo vizuri, nao huweza kuchanganywa na zile nyingine ili kuzififisha.

Mwaka 1911 alitoa kijitabu kilichofundisha kupaka nyumba kwa udongo wa wilaya ile, ndani na nje, kwa maneno ambayo mkulima aliyesoma kidogo aliweza kuyafuata. Njia yake ni rahisi. Udongo huchimbwa, hutiwa katika ndoo ya maji, hukorogwa sana. Mchanga, ulio mzito, hushuka chini upesi. Rangi, iliyo laini, huelea katika maji kwa muda. Basi maji yenye rangi humwagwa katika chombo cha pili kabla hayajatulia, na mchanga huachwa. Hufanywa hivyo tena na tena, kisha maji huachwa yatulie, na tope laini linalobaki chini ndilo rangi. Udongo peke yake hupukutika ukutani ukikauka, kwa hiyo huhitaji kitu cha kuushikiza, kama gundi au uji wa unga. Brashi yaweza kuwa tambara. Gharama yake ni jasho na ndoo.

Mtu aweza kuuliza kuna faida gani kupaka rangi nyumba isiyo yako. Swali hili ni la haki, maana wengi wa wakulima wale waliweza kufukuzwa kila mwisho wa mwaka, na ukuta waliouremba ukabaki wa mwenye shamba. Wako waliosema baadaye kwamba Carver alifundisha watu kuvumilia mambo ambayo yangepasa kuondolewa kwa sheria, na neno hilo lina uzito wake: udongo wa rangi haukufuta deni hata la dola moja, wala haukumpa mtu mweusi wa Alabama haki ya kupiga kura. Carver hakuwa mtu wa kushindana na serikali. Yeye alitazama yule mama aliyekuwa akiamka leo katika chumba cha kijivu, na fedha hana. Na ufundi wa kutengeneza rangi, mwenye shamba hakuweza kuuchukua. Familia ilipohama, ulihama nayo.

Washington aliona kwamba kigari cha mtu mmoja hakikutosha. Kwa shauri lake Carver akachora gari kubwa la kubebea zana, na tajiri mmoja wa New York, Morris Jesup, akatoa fedha, na mwaka 1906 gari hilo likaanza safari likivutwa na nyumbu. Aliyeliendesha na kufundisha ni Thomas Campbell, aliyekuwa mwanafunzi wa Tuskegee, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa na serikali ya Marekani kuwafundisha wakulima mashambani. Baadaye gari la nyumbu likafuatwa na gari la mota, na mwalimu wa kilimo akaongezewa muuguzi na mwalimu wa kazi za nyumbani. Walikuwa wakichagua nyumba moja mbovu, majirani wakakusanyika, na wote pamoja wakaitengeneza: ngazi ya mlangoni, madirisha, choo, ua wa bustani, kuta kupakwa nyeupe. Hakuna aliyeruhusiwa kutazama tu. Jioni nyumba ilikuwa nyingine, na kila jirani alikuwa ameshika nyundo au brashi walau mara moja. Mfano wa Tuskegee ulifika hata Afrika ya Mashariki, kwa maana mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, ambako walimu wa vijijini walifundishwa pamoja na wake zao namna ya kutengeneza nyumba na bustani, ili wakawafundishe wengine.

Habari za karanga zimemfanya Carver kuwa maarufu kuliko habari za udongo, na humo mambo mengi husemwa yasiyo kweli. Hakuwa yeye aliyevumbua siagi ya karanga. Ilijulikana kabla yake. Kijitabu chake cha mwaka 1916 kilieleza njia 105 za kupika karanga, nyingi zikiwa zimekusanywa kutoka kwa wapishi wengine, wala yeye hakuficha hilo. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani kueleza manufaa ya karanga. Alipewa dakika 10. Baadhi ya wajumbe walimdhihaki, lakini alipozidi kutoa sandukuni kitu hiki na kile vilivyotokana na karanga, wakamwongezea muda mara kwa mara, na mwishowe wakampigia makofi. Tangu siku ile magazeti yalimwandika kama mchawi wa mimea. Kwa kweli vitu vyake vichache sana vilipata kuuzwa madukani, na hati za uvumbuzi alizopewa na serikali zilikuwa 3 tu, kati ya mwaka 1925 na 1927, mbili kati yake zikiwa za rangi zitokanazo na udongo. Udongo ulikuwa bado moyoni mwake.

Umaarufu haukubadili mavazi yake. Alivaa koti kuukuu miaka na miaka, akilitia viraka mwenyewe, na kila asubuhi aliweka ua jipya kifuani. Tai zake nyingi alizifuma na kuzitia rangi yeye mwenyewe. Hundi za mshahara alizisahau katika droo, hata wenye hesabu walikuwa wakimwomba azipeleke benki. Hakuoa. Fedha alizolimbikiza, zipatazo dola 60,000, alizitoa ili ziwasaidie vijana wenye kutaka kuchunguza mambo ya mimea na udongo. Akafa tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee karibu na kaburi la Booker T. Washington.

Miaka michache kabla ya kufa kwake shule iliamua kutenga nyumba ya kuwekea kazi zake: picha, vitambaa alivyofuma, rangi za udongo na vyombo vyake vya kazi. Hawakujenga nyumba mpya. Palikuwa na jengo la matofali, lililokuwa dobi la shule, ambamo nguo za wanafunzi zilifuliwa na kupigwa pasi. Jengo hilo likasafishwa na kugeuzwa, likafunguliwa rasmi mwaka 1941, mzee mwenyewe akiwapo. Mwaka 1947 moto uliwaka humo ukateketeza picha zake nyingi, lakini kuta zilisimama, jengo likatengenezwa tena.